Usiwache mbachao kwa msala upitao

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince kwenda kupambana na magenge ya Haiti. Siku hiyo hiyo jijini Nairobi, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bunge kwa nguvu, sehemu yake ikatiwa moto, na baadhi yao wakauawa kwa risasi.

Uchomaji siungi mkono. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuandamana, lakini kwa amani na bila silaha. Anayetia moto Bunge leo, kesho atavunja duka la jirani yako. Wazee tusiwafiche watoto wetu hilo.

Lakini serikali nayo iambiwe. Kesho yake Rais alitangaza kuwa hatautia saini mswada ule. Neno hilo lingalitoka wiki moja mbele, pengine vijana wale wangalikuwa hai.

Siku moja kabla ya moto, Marekani ilitupa cheo cha mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO. Sifa za ugenini ni tamu. Ila watu wa Lamu, ambao tangu Mpeketoni ya Juni 2014 wameishi na hofu ya msitu wa Boni, wana haki ya kuuliza: kabla ya kulinda mitaa ya Haiti, vijiji vyetu vimeshalindwa?

Anayetaka kusuluhisha nyumba ya mwenziwe, kwanza asikize kilio cha nyumbani kwake.