Haja ya Moyo Wako Unampelekea Nani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja hata katika maombi: uchungu unaotushika tunapoona mwenzetu amepata kile tulichokitaka sisi.

Jirani ameezeka bati jipya. Mwenzako wa kwaya amejifungua mtoto wa nne, nawe bado unangoja wa kwanza. Unapiga vigelegele pamoja na wengine, lakini moyoni kuna kitu kinachoma.

Je, kutamani ni dhambi? Tuisome vizuri amri ya kumi, katika Kutoka 20. Haikatazi mtu kuhitaji nyumba au ng'ombe. Inakataza kutamani nyumba ya jirani na ng'ombe wa jirani. Kutaka mtoto, au paa lisilovuja, ni haja ya kawaida ya mwanadamu. Hatari inaanza pale haja hiyo inapogeuka kuwa kijicho.

Biblia inatupa wanawake wawili waliokuwa na haja moja. Wa kwanza ni Raheli, katika Mwanzo 30. Yakobo alimpenda sana, lakini hakuwa na mtoto, na dada yake Lea alikuwa tayari na wana wanne. Kwa wivu akamjia mumewe juu akidai watoto, la sivyo afe. Yakobo akakasirika, kwa kuwa yeye si Mungu. Vijakazi wawili wakaingizwa katika ndoa ile, na siku moja Raheli akamwachia Lea zamu yake ya usiku ili apewe tunguja, tunda ambalo watu wa kale waliliamini kuleta mimba. Na Lea je? Yeye alikuwa akililia kile alichokuwa nacho Raheli: kupendwa na mume. Kweli, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Wa pili ni Hana, katika 1 Samweli 1. Mke mwenzake, Penina, alimchokoza mwaka baada ya mwaka hata akalia, asile. Lakini Hana hakumgombeza mumewe Elkana, wala hakumwomba Mungu ampunguzie Penina watoto. Alikwenda mbele za Bwana kule Shilo, akaomba midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kisha akaondoka, akala chakula, na uso wake ukakunjuka. Angalia, mama: siku ile Samweli alikuwa bado hajatungwa mimba. Amani ilitangulia mtoto.

Wengi wetu tunafuata njia ya Raheli. Mume anarudi jioni, na kabla hajavua viatu anasikia: "Mwenzangu kanunuliwa makochi, sisi mpaka lini viti vya plastiki?" Mume asiye na kitu atanyamaza na kuanza kuchelewa kurudi, au atakopa kwa riba kubwa. Makochi yatakuja, na siku moja wenye deni watakuja kuyabeba, pamoja na televisheni. Watoto nao wanasikia, wanajifunza kwamba baba yao si kitu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwambie Mungu ukweli bila kuupamba. Kama unaumia kwa ajili ya jirani, mtaje kwa jina.

Pili, mwombee huyo huyo. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu unayemwombea kila asubuhi.

Tatu, muulize alivyofanya. Usione vyaelea, vimeundwa. Huenda bati lile ni akiba ya miaka mitano katika kikundi cha akina mama, nawe unaweza kuanza.

Nne, zungumza na mumeo kama mwenzako. Badala ya kumtajia mume wa fulani, mwulize: "Baba, tukiweka kidogo kila mwezi, tutafika lini?"

Yako mambo ambayo akiba haiyaleti, na pengine haja yako haitajibiwa kama ulivyoomba. Usiuone uchungu huo kuwa ni mdogo, na usiubebe peke yako. Upeleke kule alikoupeleka Hana. Naye Bwana akujalie kuinuka hapo na kula chakula chako kwa amani, hata kabla hujapokea. Amina.