Punje Thelathini za Mama Mkwe

Mwezi huu tuongelee ratiba. Usigeuze ukurasa kwanza, mapenzi yamo humu humu.

Wanaonifahamu wanajua maisha yangu yamo kwenye faili moja la maandishi matupu, halina rangi wala vikatuni. Natumia Org, programu iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota kule Amsterdam. Kwenye kompyuta inakaa ndani ya Emacs, na kwenye simu nalifungua faili langu kwa Orgzly. Unaandika jambo lako, unaweka tarehe, na kama linajirudia unaongeza alama fupi: +1w ni kila wiki, +1m ni kila mwezi. (Herufi ni za Kiingereza, ila kwa wiki na mwezi tumebahatika.) Ukishalitia alama kuwa limekwisha, tarehe inajisogeza yenyewe kwenda zamu inayofuata, na chini inabaki kumbukumbu ya siku ulipolimaliza. Raha tupu!

Kikoba chetu, kwa mfano, ni kila Jumamosi saa kumi jioni. Siku ya kwanza niliandika 10:00, simu ikanililia saa nne asubuhi nikiwa saluni. Saa zetu na saa za mashine ni ndugu wasiosalimiana. Sasa naandika 16:00. Halafu nilipokosa vikao vitatu kwa safari, nikajifunza kuweka alama mbili za kujumlisha, ++1w. Hiyo inaruka Jumamosi zote zilizokwisha kupita na kukuleta kwenye inayokuja. Faini za vikao hivyo nililipa, hizo hakuna programu inayozisogeza.

Sasa nije kwenye kilichonikosesha usingizi.

Mama mkwe wangu anaishi kijijini, kama nusu saa kwa bodaboda kutoka Tukuyu mjini. Anatumia dawa za presha, kidonge kimoja kila siku, na kila mwezi ananunua vya siku 30. Kazi ya kutuma hela ni yangu. Shemeji yenu husahau hata siku yake ya kuzaliwa, basi nikaichukua mimi: tarehe 1, +1m. Nilijiona mkwe wa mfano. Kila tukigombana kuhusu nani anawajali wazazi, nilimfungulia faili na kumwonyesha.

Pasaka ya 2024 tukaenda kula sikukuu huko. Jumapili ile, tarehe 31 Machi, mvua inanyesha, mbalaga iko jikoni, nikaona kikombe cha bati kimekaa dirishani, kitupu. Nikauliza. Mama akacheka. Kumbe kila anapoleta dawa anatia humo punje 30 za maharage, na kila akimeza kidonge anatoa moja. Dawa za mwezi huo alizinunua tarehe 1. Punje ya mwisho ilitoka jana yake.

"Na leo je, mama?"

"Leo napumzika, mwanangu. Kesho si utatuma?"

Jamani! Shemeji yenu alinitazama tu, hakusema neno. Ningependa angesema.

Piga hesabu na wewe. Vidonge 30 mara 12 ni 360. Mwaka una siku 365. Faili langu lilikuwa safi, kila mwezi alama ya kumaliza, huku bibi wa watu anakosa dawa siku tano kwa mwaka, na hapo bodaboda haijakwama kwenye tope. Mvua ya Tukuyu ya mwezi wa nne unaijua, au umesimuliwa.

Kosa lilikuwa langu. Kodi ya nyumba inafuata kalenda. Hata ukilipa kwa kuchelewa, mwezi ujao tarehe ni ile ile. Dawa inafuata siku ilipoanza kumezwa. Org ina alama ya mambo ya aina hiyo, nukta mbele ya kujumlisha, inayohesabu kuanzia siku ulipomaliza kweli. Usiku ule ule, kwa mwanga wa simu, nikaandika .+28d, yaani siku 28, ili zibaki mbili za mvua.

Lakini ugumu haukuwa kwenye alama. Zamani nilikuwa namaliza kazi nikishabonyeza kutuma hela. Sasa sigusi kitu mpaka nimpigie mama aniambie dawa ziko mkononi, na hapo huwezi kukata simu kabla hujaulizwa habari za kazi, za mtoto na za kikohozi cha mwanawe. Shemeji yenu amepewa zamu yake pia, tunapokezana, na jina la mwenye zamu linaandikwa kwenye mstari. Mwezi uliopita alichelewa siku moja. Nilimkumbusha, na yeye akanikumbusha Pasaka.

Mama nimemweleza kwamba sasa hesabu iko kwenye simu, apumzishe maharage. Ameitikia vizuri sana. Kikombe bado kiko dirishani.