Uhamisho wa Muuguzi Usiwe Adhabu

Serikali ina haki ya kumhamisha mtumishi wake. Haki hiyo hatuipingi, na kwa upande wa wauguzi tunaiunga mkono, kwani bila ya uhamisho wengi wangebaki mjini, na zahanati za vijijini zikabaki na kufuli mlangoni. Lakini kumhamisha mtumishi ni jambo moja, na kumtupa ni jambo jingine.

Tuichukue Morogoro iwe mfano. Sisi wa Unguja na Pemba tuna Wizara yetu ya Afya, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Hata hivyo yanayowapata wauguzi wa Milima ya Uluguru yanatuhusu, maana mlima kwao ni kama bahari kwetu. Anayepelekwa Tumbatu au Kojani hungoja chombo. Anayepelekwa Kinole, Matombo au Mgeta huomba mvua isiikate barabara. Mtu akisimama mjini Morogoro huuona mlima wa Lupanga karibu kana kwamba anaweza kuugusa. Kumbe nyuma yake viko vitongoji ambavyo wakati wa masika mtu huvifikia kwa miguu yake tu.

Muuguzi aliyezoea wodi ya hospitali ya mkoa ana daktari wa kumwita, ana maabara karibu, na ana mwenzake wa kumpokea zamu. Akifika zahanati ya mlimani, yeye ndiye mkunga, ndiye mchanjaji, ndiye mtunza dawa, ndiye mwandishi wa taarifa. Mzazi akitokwa na damu usiku na njia imekatika, mara nyingi hana wa kumshauri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hupewa jembe siku ya kwanza, na pengine halina mpini.

Si kwamba sheria hazipo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, zitumikazo Tanzania Bara, zinaeleza stahili za mtumishi anayehamishwa kwa manufaa ya umma: nauli yake na ya familia yake, gharama ya mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Viongozi nao wameagiza zaidi ya mara moja kwamba mtumishi asihamishwe kama fedha hazijatengwa. Hata hivyo malimbikizo ya madai ya uhamisho yamekuwa wimbo wa miaka mingi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo hilo ni jema, lakini jengo peke yake halimzalishi mtu.

Milima hiyo imekwisha kutoa funzo. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao bila ya kuridhiana nao. Watu walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukafa. Amri peke yake haipandi mlima.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, fedha za uhamisho zilipwe kabla ya mtumishi kufunga mizigo, wala asiambiwe atangulie, fedha zitamfuata. Pili, nyumba iwe tayari, na mwenzi wake, kama naye ni mtumishi, afikiriwe kituo cha karibu. Tatu, apewe nafasi ya kujikumbusha kazi za uzazi wa dharura na chanjo, na aelezwe atakaa huko kwa muda gani. Anayejua mwisho wa safari huvumilia mwendo.

Wauguzi nao tuna neno nao. Kijiji si jela. Mtumishi afikapo ajitambulishe kwa serikali ya kijiji, ahesabu dawa na vifaa wakati wa makabidhiano na kutia sahihi, na awasikilize akina bibi. Kwa mila ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, hivyo neno la bibi lina uzito wakati wa kuamua mjamzito ajifungulie wapi. Maneno machache ya Kiluguru yatamfungulia milango ambayo barua ya uhamisho haiwezi kuifungua.

Maofisa wengi wa nchi hii wamesomea utawala Mzumbe, chini ya milima hiyo hiyo. Hawana haja ya kusimuliwa njia zake. Na wakubwa wetu wa Visiwani wajipime kwa kibaba hicho hicho kila wanapotia sahihi barua ya kumpeleka muuguzi ng'ambo ya maji. Wajiulize kama wamempeleka pamoja na nyenzo zake, au wamempeleka peke yake. Jibu la swali hilo atalilipia mama mjamzito ambaye hakushirikishwa katika kuiandika barua hiyo.