Iandikwe Nyumba, Si Mpangaji

Kila inaposemwa ya kwamba nyumba za kupangisha za Nairobi zitaandikishwa na kukaguliwa, mwenye nyumba hulalamika, lakini mpangaji huogopa. Hofu hiyo si ya bure. Katika mji huu neno "kuandikishwa" lina historia yake.

Ilipofika 1920 Mwafrika mwanamume mtu mzima alikuwa akiandikishwa na kuvalishwa kipande shingoni. Askari waliingia katika nyumba za Waafrika usiku kutafuta wageni wasio na ruhusa ya kulala mjini. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, mji ulizingirwa na watu wakatolewa majumbani kwa maelfu, wakapelekwa kizuizini. Katika misako hiyo swali lilikuwa moja tu: nani amelala humu? Halikuwa kama paa linavuja au choo kimejaa.

Wala jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Huko Glasgow, Scotland, sheria ya 1862 iliruhusu vyumba vya maskini vipimwe, na mlangoni kikapigiliwa kibati chenye hesabu ya watu waliokubaliwa kulala ndani. Wakaguzi walikuja usiku wa manane, watu wakajificha makabatini na juu ya mapaa. Nyumba ilikuwa ya tajiri, kosa likawa la maskini.

Hata hivyo twasema wazi: nyumba za kupangisha ziandikishwe, na zikaguliwe. Tunalosema zaidi ni hili, ya kwamba iandikwe nyumba pamoja na mwenyewe, si mpangaji. Na amri ya mkaguzi imshike mwenye mali, si mwenye godoro.

Wanaodhani ya kwamba ukaguzi peke yake watosha, na wakumbuke Huruma. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jumba la ghorofa liliwaangukia watu waliokuwa wamelala, wakafa wapatao 50. Jumba lile lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, limejengwa karibu na mto, nalo halikuwa na kibali cha kukaliwa. Wakuu walikuwa wanalijua. Lilikuwa limekwisha kuwekwa katika hesabu ya majumba ya kubomolewa. Lakini vyumba viliendelea kupangishwa, na kodi ikaendelea kupokewa, yapata shilingi 3,500 kwa chumba kila mwezi.

Basi hapo haikukosekana macho ya kuona. Ulikosekana mkono wa kutenda. Amri iliyoandikwa ikalazwa katika faili haimwokoi mtu. Na alama ya X ukutani haimsaidii mpangaji asiye na pahali pengine pa kwenda, ambaye amekwisha kulipa kodi ya mwezi na amana yake imo mfukoni mwa mwenye nyumba.

Tena tazameni sheria yenyewe. Sheria ya kuzuia kodi kupanda ovyo ni ya tangu 1959, nayo ina baraza lake la kusikiliza mashauri ya wapangaji. Lakini mpaka jumba la Huruma linaanguka, ulinzi wake ulikuwa kwa nyumba ambazo kodi yake haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba kimoja cha Huruma kilikuwa 3,500. Maana yake, kabwela anayelala na watoto wake katika chumba kimoja alihesabiwa kuwa mtu mwenye uwezo, asiyehitaji kulindwa! Mtu wa namna hiyo atathubutuje kwenda kushtaki ufa ukutani? Akishtaki leo, kesho atapandishiwa kodi au atatupiwa vyombo nje.

Haisemeki ya kwamba serikali haina uwezo wa kuwajua wenye nyumba. Kuanzia Januari 1, 2016, miezi minne kabla ya msiba ule, ushuru wa asilimia 10 uliwekwa juu ya mapato ya nyumba za kukaa, nao ukapunguzwa kuwa asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024. Hatupingi ushuru. Lakini ikiwa nyumba yaweza kutafutwa kwa ajili ya fedha, yaweza pia kutafutwa kwa ajili ya uhai wa waliomo.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, kila nyumba ya kupangisha iandikwe kwa jina la mwenyewe, iwe na namba mlangoni, na daftari liwe wazi, mpangaji alisome kabla hajatoa fedha yake. Pili, ukaguzi ufanywe mchana, kwa taarifa, kwa zamu inayojulikana. Na mkaguzi aangalie nguzo, ngazi, maji, vyoo, nyaya za umeme na njia ya kukimbilia moto ukizuka. Tatu, nyumba ikikatazwa kukaliwa, kodi isimame siku ile ile, na mwenye nyumba arudishe amana na alipe gharama ya kuhama. Nne, ukomo wa kodi unaompa mpangaji ulinzi ulingane na kodi za siku hizi, na iwe ni kosa kumfukuza mtu kwa sababu amemwita mkaguzi.

Wako watakaosema ya kwamba tukikaza hivi kodi zitapanda na maskini watakosa pa kulala. Hoja hii ina uzito, hatuipuuzi. Mama mwenye vyumba vinne vya mabati si sawa na bwana mwenye ghorofa saba. Mama huyo apewe muda na shauri la kutengeneza choo chake. Lakini zamu ianze na maghorofa, kwa maana huko ukuta mmoja ukianguka huua watu kwa makumi. Na mwenye kudai kodi ya chumba ambacho mkaguzi amekikataza, huyo hawasaidii maskini. Anauza hatari kwa bei ya nyumba.

Yuko pia mkaguzi anayepokea kitu kidogo akafumba macho. Daftari likiwa wazi, na jina la mkaguzi likiandikwa pamoja na tarehe aliyofika, itajulikana nani aliona ufa na nani alinyamaza.

Mwisho twasema na wanachama wenzetu. Miongoni mwetu wako wenye ploti na maghorofa. Haifai mtu kupiga kelele za umoja mkutanoni Jumapili, kisha Jumatatu akapokea kodi ya chumba ambacho yeye mwenyewe hawezi kulaza mwanawe. Wenye nyumba walio wanachama na wawe wa kwanza kuandikisha. Na matawi yasingoje amri: yaanze sasa kuandika kila jumba lenye ufa katika mtaa wao, lina vyumba vingapi na ni la nani, yapeleke habari hizo kwa wakuu wa Jiji, na kuuliza kila juma limefanywa nini. Mvua za masika hazingoji faili.