Kidani Kilichopasuka Chenyewe



Juma lililopita mama mmoja wa kigango chetu alinijia ofisini, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kidani cha kioo cha buluu, kimegawanyika vipande viwili. Alikitengeneza mwanawe, aliyeko Marekani akijifunza kazi ya kuyeyusha kioo kwa moto, akampelekea kwa posta. Kilikaa kabatini majuma matatu, kisha usiku mmoja kikapasuka chenyewe, wala hakuna aliyekigusa.

"Bwana Karani," aliniuliza, "hii ni ishara gani? Mwanangu yu mzima?"

Tulimpigia simu pale pale. Alikuwa mzima, tena anacheka. Lakini aliposikia habari ya kidani, kicheko kikakoma. "Mama, kosa ni langu," akasema. Aliyonieleza baadaye naona yafaa niwapasheni nanyi, maana wako vijana wanaoipenda kazi hii, na wako akina mama wanaoogopa ishara.

Kioo si cha namna moja. Shanga za zamani kutoka Venisi, zilizopita Unguja kwenda bara, zilikuwa za kioo laini. Kioo kigumu huitwa borosiliketi, nacho huchanganywa na boroni. Mjerumani Otto Schott ndiye aliyekitunga katika mji wa Jena, karne ya 19. Ndicho kinachotumika kwa vyombo vingi vya maabara. Kikipata joto hutanuka kidogo tu: kipimo chake ni 33, na kile cha kioo laini cha watengeneza shanga wengi ni 104. Ukiviunganisha viwili hivi, wakati wa kupoa kimoja hunywea mara tatu kuliko mwenzake, vikavutana hata vikapasuka. Kwa hiyo anayeanza ashike aina moja tu, na vijiti vyake avitie alama, kwa kuwa kwa macho ni vigumu kuvitofautisha.

Rangi nazo zina tabia zake. Buluu ya kobalti ni mpole, huvumilia moto mkali. Ndiyo ya kuanzia. Nyekundu na manjano zenye kadimiamu zikipashwa mno huchemka na kufanya mapovu; zifanyie kazi mbali kidogo na mdomo wa moto, na oksijeni iwe ya kutosha. Zile zenye madini ya fedha hubadilika kwa kufuata moto, na mwanafunzi asiyeujua moto wake hatajua atapata rangi gani. Ngoja kwanza. Tena usisahau miwani maalum ya giza, kwa kuwa mng'aro wa kioo hiki huumiza macho, wala usifanye kazi katika chumba kisichopitisha hewa.

Basi, kidani kilikuwa na kosa gani? Kioo kilikuwa sawa, na rangi ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni tanuri. Kioo hupoa nje kabla ya ndani, kikabaki na mvutano usioonekana. Dawa yake ni kukiweka katika tanuri lenye joto la nyuzi 565 hivi za sentigredi, kitulie humo, kisha kipozwe polepole. Kijana alikuwa anawahi posta ili kidani kifike kabla ya siku ya somo wa mama yake. Akakiacha kipoe mezani, akakifunga, akakituma. Mvutano ule ukasafiri nacho mpaka kabatini.

"Kumbe si ishara," akasema mama.

"Ni ishara, mama," nikamjibu. "Ishara kwamba mwanao alikuwa na haraka ya kukufurahisha."

Kijana ameahidi kutengeneza kingine. Mama amemwagiza asihesabu siku, hata kikifika mwakani. Vile vipande viwili hakuvitupa. Amevifunga tena katika kitambaa chake.

Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi,
Karani wenu.