Aliyezaliwa kwa Kisu Naye Ana Haki ya Ziwa

Kuna neno ambalo mama aliyejifungua kwa operesheni hulisikia mapema kuliko pongezi: “Pole, lakini mtoto wa kisu huwa si imara.” Neno hilo husemwa Kariakoo, na halitamshangaza mtu wa Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga iliyomo katika Manispaa ya Mpanda. Mtoto akikohoa, kisu. Akiharisha, kisu. Akichelewa kutembea, kisu hicho hicho. Juma hili tungependa kulitazama neno hilo kwa makini, kwani ndani yake mna chembe ya ukweli iliyofunikwa na makapi mengi.

Uzazi wa namna hiyo si jambo la watu wachache tena. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa nchini, 6 walitolewa kwa upasuaji. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wamefikia 11. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una sababu yake ya kulifikiria jambo hili. Uchunguzi ule wa 2015-16 ulionyesha kwamba wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo walikuwa wamekwisha zaa au ni wajawazito, idadi iliyoongoza nchi nzima. Nyonga ya msichana ambaye mwili wake ungali unakua yaweza kuwa nyembamba mno. Uchungu ukikwama na operesheni isipatikane, hufa mtoto, au mama, au wote wawili. Na mama akipona huenda akabaki na fistula. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, daktari akisema hapana budi kupasua, na ipasuliwe. Hatuandiki haya ili mama hata mmoja akimbie chumba cha upasuaji.

Chembe ya ukweli ni hii. Mtoto anayezaliwa kwa njia ya kawaida hupokea vijidudu kutoka kwa mama yake, hasa vile vya utumboni, na vingi kati yake si adui bali ni walinzi wa tumbo. Anayetolewa kwa upasuaji huanza na vijidudu vya ngozi na vya hospitali. Mwaka 2019 wataalamu wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto karibu 600, nao wakaona tofauti hiyo waziwazi katika siku za mwanzo. Lakini waliona pia kwamba watoto walipofikia umri wa kuanza chakula, sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa imekwisha toweka.

Na baadaye maishani je? Huko Denmark, ambako kila mtoto huandikwa katika daftari za serikali, watafiti walipitia habari za watoto karibu milioni 2 waliozaliwa kati ya mwaka 1977 na 2012. Ripoti yao ya mwaka 2015 ilisema kwamba waliozaliwa kwa upasuaji walipatwa zaidi kidogo na pumu na baadhi ya maradhi ya utumbo. Hapo ndipo wapiga soga hukimbilia. Wasichoulizana ni kwa nini mama yule alipasuliwa. Pengine alikuwa na kisukari, au kifafa cha mimba, au mtoto mwenyewe alikuwa amechoka tumboni. Mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limemzaa mwenzake.

Tukija kwenye ziwa, ushahidi una uzito mwingine. Kati ya mwaka 1996 na 1997, huko Belarus, hospitali 31 na zahanati zake ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipewa mafunzo ya kuwasaidia akina mama kunyonyesha, nyingine ziliendelea kama zamani. Walifuatwa mama 17,046 na watoto wao. Katika mwaka wa kwanza, watoto wa upande wa mafunzo waliharisha kidogo zaidi kuliko wenzao na kupata ukurutu kidogo zaidi. Walipofikisha miaka sita na nusu, walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili. Tusizidishe chumvi, maana juu ya pumu na unene hapakuonekana tofauti. Ila kwa mtoto wa nchi yetu, kuepushwa na kuharisha si jambo dogo hata chembe.

Tena yapo mapatano ya ajabu baina ya ziwa na vile vijidudu. Ndani ya maziwa ya mama mna aina za sukari ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Ni chakula cha vijidudu walinzi. Hivyo mtoto wa kisu ndiye hasa mwenye haja ya ziwa la mama, na kwa masikitiko ndiye huchelewa kulipata. Mama anatoka chumba cha upasuaji ana maumivu, hawezi kujigeuza, mikononi ana mirija. Bibi yupo kando ya kitanda, amebeba chupa ya chai na kijiko. Kwa huruma yake anamwonjesha mjukuu maji ya sukari “asikauke koo.” Yale maziwa mazito ya njano yanayotangulia, yaani dang'a, yanakamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa ni uchafu. Kumbe ndiyo yaliyojaa kinga! Na koo halikauki, kwani takriban asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji. Mama aliyepigwa sindano ya ganzi mgongoni, akiwa macho na hali yake ni njema, aweza kuwekewa mtoto kifuani mapema kabisa, mradi awepo mtu wa kumshika. Mtu huyo aweza kuwa bibi yule yule, akiweka kijiko chini.

Kuna jambo jingine linalozungumzwa kwa sauti ya chini: kubemenda mtoto. Wazee wetu walisema wazazi wakikutana kimwili kabla mtoto hajaachishwa ziwa, mtoto hudhoofika. Vijana huwacheka. Sisi twaona wazee waliona sawasawa, ila sababu waliikosea. Maziwa hayaharibiwi na tendo la ndoa, wala na mimba. Kinachotokea ni kwamba mama hushika mimba upesi, mtoto huachishwa ziwa ghafula, akapewa uji mwepesi usio na maharage, karanga wala dagaa, naye akavimba miguu. Mwaka 1935 Dk. Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliuandika ugonjwa huo kwa jina la wenyeji wa huko. Ni jina la maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani na mdogo wake, nasi twaliita kwashakoo. Kumbe dawa ya kubemenda inapatikana kliniki ya uzazi wa mpango, na katika chungu.

Habari za maziwa ya kopo tutazipitia kwa haraka. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo yake kwa kura 118, Marekani ikiwa peke yake kupinga. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994. Na mama mwenye virusi vya UKIMWI asiogope: tangu mwaka 2010 miongozo ya Shirika la Afya Duniani yakubali anyonyeshe, ilimradi anatumia dawa zake bila kukatiza.

Mwisho, kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na baadaye hadi saa 2 kila siku za kunyonyesha. Baba hupata siku 3. Ni wangapi kiwandani wanaozidai saa hizo mbili? Mkulima wa Mwamkulu hana sheria ya kudai. Mvua ikinyesha mpunga hausubiri mshono upone, naye hurudi jarubani huku mtoto akiachwa nyumbani na dada yake mwenye umri wa miaka minane na kikombe cha uji. Watakaoweza kumpa likizo ni mume, wakwe na jirani, kwa kumchukulia zamu yake ya kupandikiza, au kwa kumletea mtoto chini ya kivuli kando ya shamba anyonye.

Juma lijalo: uji wa mtoto baada ya miezi sita, na namna ya kuutia nguvu kwa vitu vya sokoni.