Simu na Wanafunzi wa Vyuo: Madai Manne Yasiyosimama

Vyuo vikifungwa na wanafunzi wakirudi nyumbani Matinyani, kaunti ya Kitui, mazungumzo ya wazazi hayakawii kufika kwenye simu. Aliyeuza mbuzi na magunia ya ndengu kulipa karo anamwona mwanawe ameinamia simu tangu chai ya asubuhi hadi usiku, naye anauliza kama pesa zake zinafanya kazi. Swali lake ni la haki. Majibu anayopewa ndiyo yenye walakini.

Dai la 1: "Ni uvivu tu na kukosa nidhamu."
Nidhamu ina nafasi yake, ila mitandao hii imeundwa ili mtu asiondoke. Mwaka 2006, mbunifu Mmarekani Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza wenyewe kila unaposogeza kidole. Baadaye alijuta hadharani. Kampuni hizi huishi kwa matangazo, kwa hiyo kila dakika ya mtazamaji ni mapato. Kijana wa miaka 19 anavutana na wahandisi wanaolipwa mishahara minono. Kumwita mvivu na kuishia hapo ni kumtelekeza.

Dai la 2: "Uraibu ni wa pombe na miraa, si wa simu."
Ni kweli kwamba orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inataja uraibu wa kamari na wa michezo ya video, wala haitaji mitandao ya kijamii. Lakini madhara hayangoji orodha. Mwaka 2012, watafiti wa Norway wakiongozwa na Cecilie Andreassen walitunga kipimo cha uraibu wa Facebook chenye mambo sita: kuiwaza kila mara, kutaka muda zaidi na zaidi, kuitumia kusahau shida, kujaribu kupunguza ukashindwa, kukosa utulivu ukizuiwa, na kuumiza masomo au kazi. Mwanafunzi anayejiona katika mengi ya hayo ana tatizo, liwe na jina hospitalini au lisiwe nalo.

Dai la 3: "Simu ndiyo maktaba yao."
Ndiyo, na hapo ndipo penye ugumu. Notsi hupitia makundi ya WhatsApp, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) huombwa mtandaoni. Mlevi aweza kuikwepa baa. Mwanafunzi hawezi kuikwepa simu. Tazama usiku wa kuamkia mtihani wa CAT. Anafungua notsi, ujumbe unachomoza juu ya kioo, anasema ajibu huo mmoja tu. Video inaleta video, bando la usiku bado lipo, saa nane inagonga, na notsi zingali ukurasa wa pili. Kushika simu si kusoma.

Dai la 4: "Dawa ni kufunga TikTok."
Ombi la namna hiyo lilifikishwa katika Bunge la Kitaifa la Kenya Agosti 2023. Miezi kumi baadaye, Juni 2024, vijana walitumia TikTok na X kueleza Mswada wa Fedha na kupanga maandamano, na tarehe 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kufunga kungezima sauti hiyo pamoja na upuuzi. Tena kupunguza kunasaidia: katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2018, wanafunzi waliowekewa kikomo cha dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, kwa wiki tatu, walipungukiwa na upweke na sonona kuliko wenzao walioendelea kama kawaida.

Basi, mwanafunzi, zima arifa, na ulale simu ikiwa mbali na kitanda. Mzazi, uliza simu inafanya kazi gani kabla ya kufoka. Nanyi wahadhiri na washauri wa vyuo, lizungumzeni jambo hili tangu wiki ya kwanza ya muhula, kabla matokeo ya mtihani hayajalizungumza. Karo imetoka jasho. Tusiiache iyeyuke kwenye kioo.